Kujiunga na kikundi cha kuigiza vita vya kale, na kwa nini bunduki ije mwisho

Mama yangu aliponiona pichani nimevaa suruali inayoishia chini ya magoti, soksi ndefu za sufu na kofia isiyo na mbele wala nyuma, mkononi nimeshika mti mrefu kama mlingoti wa dau, alinipigia simu kutoka Tanga usiku uleule. "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi mpya?" Siyo kazi, Mama, ni mchezo. Tunaigiza vita walivyopigana Waingereza wao kwa wao miaka ya 1640. "Wanakulipa?" Hapana, mimi ndiye ninayelipa. Akanyamaza kidogo. "Haya. Ilimradi unakula."

Tangu hapo nimeulizwa na Waswahili wenzangu wengi mtu anaingiaje huko. Naeleza kwa njia niliyopita mwenyewe, ya vita vya Uingereza vya karne ya 17. Aliyeko Marekani atakuta vikundi vya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vikiwemo vinavyoigiza askari weusi wa rejimenti ya 54 ya Massachusetts, walioshambulia ngome ya Fort Wagner tarehe 18 Julai 1863. Aliyeko Ubelgiji ana Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon. Silaha na nguo zitatofautiana, lakini taratibu za kuingia zinafanana kwa mengi.

Hatua ya 1: Katazame kwanza, bila kujiandikisha

Ninaishi Crewe, Uingereza, na jirani yetu ni mji mdogo wa Nantwich. Januari ya kwanza nilipohamia nilikwenda huko kutafuta koti la baridi, nikakuta barabara imefungwa, ngoma zinalia, na mamia ya watu wenye mikuki wanapita mbele ya duka la dawa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1642 Mfalme Charles I na Bunge lake waliingia vitani. Januari 1644 Nantwich, mji wa upande wa Bunge, ulikuwa umezingirwa na jeshi la Mfalme chini ya Lord Byron. Theluji ikayeyuka ghafla, mto Weaver ukafurika, jeshi la Byron likajikuta nusu iko ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile. Sir Thomas Fairfax akafika na jeshi la Bunge tarehe 25, akashinda. Wenyeji wakachomeka kofiani vijiti vya holly, ule mmea wenye majani ya miba, na mpaka leo siku hiyo wanaiita Holly Holy Day. Tangu 1973, Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, chama cha The Sealed Knot huigiza vita hivyo hapohapo mjini. Chama chenyewe kilianzishwa 1968 na Brigedia Peter Young, askari wa Vita Kuu ya Pili aliyegeukia kuandika historia.

Ukienda kutazama usiishie kwenye kamba pamoja na watazamaji. Pigano halichukui hata saa mbili. Ngoja liishe, uwafuate waigizaji wanakorudi. Hapo ndipo utajua kama unaweza kukaa nao. Mimi nilisimama karibu na mzee mmoja aliyekuwa akimimina maji kutoka kwenye kiatu. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. Tanzania wapi? Nikasema Tanga, nikijua hajui. Akaacha kiatu, akaita wenzake: "Huyu anatoka Tanga! Nyuki!" Wote wakanizunguka. Walikuwa wanavijua vita vya Tanga vya Novemba 1914, jinsi jeshi la Waingereza lililotoka India lilivyoshuka pwani na kurudishwa melini na askari wa kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck, na jinsi nyuki walivyotoka mizingani wakawashambulia watu katikati ya risasi. Mimi niliyezaliwa mtaa wa pili kutoka baharini nilikuwa nakijua kisa hicho nusunusu. Nikaona hawa ndio watu wangu.

Hatua ya 2: Chagua rejimenti, usichague upande

Wageni wengi huanza na swali la mimi niwe wa Mfalme au wa Bunge. Halina maana kubwa. Kila chama kimegawanyika katika rejimenti, nyingi zimepewa jina la kanali wa enzi hizo, na kila rejimenti ni kama timu ya mtaani: ina mahali pake, mazoezi yake, utani wake na watu wake wanaonuniana. Upande mmoja ukipungukiwa watu siku ya pigano, rejimenti nzima inaweza kuambiwa ivuke. Hata zamani ilikuwa hivyo. Mateka wengi walibadilisha koti wakaendelea na mshahara wa adui. Na kwa kuwa nguo hazikupishana sana, walitambuana kwa alama. Katika vita vya Marston Moor, tarehe 2 Julai 1644, watu wa Bunge waliweka kitambaa cheupe au karatasi kofiani. Fairfax alipojikuta peke yake katikati ya adui aliichomoa yake, akapita kati yao kama mmoja wa makamanda wao.

Basi chagua rejimenti kwa mambo haya: iko karibu na kwako, ina mtu mwenye gari anayepita njia yako, na inakopesha vifaa. La gari usilidharau. Viwanja vya vita viko mashambani, basi la mwisho huondoka saa kumi na moja jioni, na wewe una hema na mti wa mita tano.

Waulize pia wanatoka mara ngapi kwa mwaka. Msimu mkubwa huanza karibu na Pasaka hadi vuli, na kambi kubwa huwekwa wikiendi zenye Jumatatu ya mapumziko. Kama unafanya shifti za ghala kama mimi, omba zamu mapema. Mbali na The Sealed Knot kuna English Civil War Society. Hao ndio ambao jeshi lao la Mfalme huandamana London mwishoni mwa Januari kukumbuka Charles I alivyokatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Nenda kwa wote wawili uone.

Je, mtu mweusi ataonekanaje katika jeshi la Uingereza la 1644? Nililiuliza swali hili mwenyewe kabla hawajaniuliza. Afisa wa wageni alinijibu kwa swali: unamjua John Blanke? Alikuwa mpiga tarumbeta Mwafrika katika kasri la Mfalme Henry VIII, amechorwa juu ya farasi kwenye hati ndefu ya mashindano ya mwaka 1511, zaidi ya miaka 130 kabla ya vita vyetu. Nikaridhika. Mtazamaji mmoja akinijia na somo la historia humwachia jina hilo, naendelea kunywa chai.

Hatua ya 3: Lipa ada, na usome bima

Ada ni ya mwaka. Sehemu huenda chama kikuu, sehemu kwa rejimenti. Wewe jambo la kusoma ni bima: inaanza kufanya kazi lini, na inakulinda ukiumia mwenyewe au inalinda tu mtu utakayemuumiza. Nyingi ni za namna hii ya pili. Anayeishi kwa mshahara wa siku alijue hilo kabla hajavunjika mkono.

Hatua ya 4: Nguo, na hapa usifungue pochi

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mgeni anarudi nyumbani amepagawa, anaagiza kofia ya manyoya, buti za mpanda farasi na upanga, halafu anaambiwa askari wa miguu havai hata kimoja kati ya hivyo. Wikiendi mbili tatu za mwanzo vaa vya kuazima. Vitakubana au vitakupwaya, vitanuka moshi wa mtu mwingine, lakini vitakufundisha nini unahitaji.

Ukija kununua, anza na viatu. Viatu vya ngozi vya kufunga kwa kamba juu ya mguu, vikukae sawasawa, kwa sababu mwendo wa kwata katika kiatu kibovu utakuharibia wikiendi kuliko adui yeyote. Nyayo zake za ngozi ni laini na zinateleza kwenye nyasi mbichi kama umekanyaga ganda la embe. Waulize wenzako wao wanafanyaje. Baada ya hapo shati la kitani, suruali ya sufu ya kufungwa chini ya goti, soksi ndefu, kofia ya sufu. Koti la rangi ya rejimenti mara nyingi watakupa au watakuuzia wao wenyewe. Kuna mafundi wanaoshona hizi nguo na huweka meza kambini, na kuna mtumba wa waliostaafu, ambao ndio mzuri zaidi kwa sababu umeshalainika.

Sufu na kitani siyo kwa ajili ya sura tu. Cheche ya baruti ikidondoka kwenye sufu inazima. Ikidondoka kwenye nailoni inayeyusha na kugandisha kwenye ngozi. Kwa hiyo hata ndani usivae fulana ya nailoni ya timu ya soka. Sufu ina ubaya wake pia: ikilowa mvua ya Januari unabeba kondoo mzima mgongoni.

Kina dada, mnapigana safu moja na wanaume, siyo lazima mkae jikoni. Na anayejisitiri asiogope, maana wanawake wa karne hiyo walifunika nywele kwa kitani. Kwetu yuko dada mmoja ambaye mtandio wake mweupe umekubalika kuliko suruali za wanaume wengi.

Saa, hereni, pete, miwani ya jua, vyote hemani. Pete hasa, kwa sababu ikinaswa kwenye silaha inaondoka na kidole. Na simu. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nimeizima. Tumesimama mistari minne, kofia mkononi, dakika ya kimya ya kuwakumbuka waliokufa kweli pale, na mfukoni mwangu ikaadhini. Adhuhuri, sauti ya Makka, bila kukosea hata dakika. Sajini hakugeuka. Alingoja dakika iishe, akavaa kofia, akasema taratibu, "Natumaini huyo amekuja upande wetu."

Hatua ya 5: Anza na maji au paiki

Kazi ya kwanza ya mgeni ambaye hajafundishwa kwata ni kubeba maji. Unavaa kiraia cha enzi zile, unapita na chupa au kiriba nyuma ya safu, unawanywesha watu. Wengine huiona ni kazi ya kudhalilisha. Mimi nasema hakuna nafasi bora ya kujifunza: unaona pigano lote, unajua safu zinaenda wapi, unazoea mshindo wa mzinga. Vaa vizibo vya masikio. Mwaka 2023 Pasaka ilituangukia katikati ya Ramadhani. Nikabeba maji kutwa, nikawanywesha wenzangu pande zote mbili, mimi sikuonja tone. Jioni walinipangia meza ya futari wenyewe: tende, mkate na supu ya dengu iliyoungua chini.

Baada ya maji, paiki. Paiki ni mkuki wa mti wa Ulaya uitwao ash, kihistoria kama futi 16, na wetu ncha yake imebutuliwa. Ukiwa umesimama nayo ukutani unajiona shujaa. Itembeze hatua ishirini upepo ukivuma ndipo utajua ni nani anayembeba mwenzake. Tatizo ni kule juu; ncha ikishaanza kuyumba haisikii maneno, inabidi uiwahi kwa mkono wa chini kabla haijamshukia wa mstari wa mbele.

Kuna namna mbili za kupambana. Ya kwanza ni ya mikuki kulala mbele na kugongana kwa ncha kwa mbali, ustadi mtupu. Ya pili ndiyo watu wanayoipenda: mikuki inainuliwa juu, vikosi viwili vinakaribiana bega kwa bega, vinagongana na kusukumana kama watu wa raga. Nikuambie jinsi inavyokuwa ndani, maana kwa nje haionekani. Mti umeukumbatia kifuani. Kichwa umekipeleka upande, mdomo umeufunga usije ukajing'ata ulimi. Mbele yako ni mgongo wa sufu wenye harufu ya mbwa aliyelowa. Wa nyuma anakusukuma, wa mbele anarudishwa kwako, na miguu yako haina la kufanya ila kutafuta ardhi. Husikii ngoma. Unasikia pumzi, matusi ya kirafiki, na miti inayogongana juu kama minazi wakati wa kusi. Kisha mtu anapiga kelele, wote wanaachia, na yule aliyekuwa akikukanyaga anakuuliza kama uko salama.

Sheria mbili hapo hazina mjadala. Ukiona mtu ameanguka, piga kelele papo hapo kwamba kuna mtu chini, na usimame juu yake kumkinga. Na kila kikundi kina neno lake la kusimamisha pigano kwa jeraha la kweli. Lijue kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Hatua ya 6: Kwata

Aliyepita JKT atadhani hapa atapumzika. Pole. Amri ni za karne nyingine: badala ya kuitwa mguu sawa utasikia "Have a care!", na kila tendo la silaha limekatwa vipande. Mwaka 1607 mchoraji Jacob de Gheyn alichapa michoro ya mafunzo hayo, hatua 43 za musketi na 32 za paiki, na mpaka leo waigizaji huifungua kubishana mkono uwe wapi. Fanya mazoezi nyumbani kwa fimbo ya ufagio. Usifanye sebuleni kwenye taa.

Hatua ya 7: Kujifunza kufa

Kufa ni kazi na haifundishwi vya kutosha. Wote wakibaki hai watazamaji wananung'unika, wote wakifa dakika ya tano pigano limekwisha. Tazama nyuma yako kabla hujaanguka, usifie njia ya farasi wala mbele ya safu inayosonga, na silaha yako iweke kando yako mdomo wake ukielekea pasipo watu. Anguka kwa magoti, halafu ubavu. Ukishalala usicheke. Chagua pakavu kama unaweza. Mara ya kwanza Nantwich nilifia kwenye dimbwi pale Mill Island, kando ya mto, nikalala humo karibu robo saa nikiwa shujaa wa Bunge, na mtoto mmoja nyuma ya kamba akimwambia baba yake kwamba yule maiti anatetemeka.

Hatua ya 8: Bunduki, kama bado unaitaka

Silaha ya enzi hizo Waswahili wa zamani waliijua: ni bunduki ya mrao, ya zama za Wareno na Waomani pwani yetu, kabla ya gumegume. Haina kiberiti wala fataki. Unashika kamba ya pamba iliyolowekwa shura, inaungua polepole kama ubani, na ukivuta kifyatulio kamba inashuka kwenye kisahani cha baruti. Kishindo, moshi, harufu ya yai viza. Uwanjani hatutii risasi kabisa, ni baruti tupu, na hata hivyo mdomo haumwelekei mtu aliye karibu, kwa sababu moto na chembe zinazotoka zinaweza kupofua.

Sasa sheria. Uingereza bunduki ya namna hii, hata kama ni nakala mpya, kwa kawaida inahitaji cheti cha polisi cha shotgani. Watataka taarifa kutoka kwa daktari wako, mtu wa kukudhamini, watakuja nyumbani kuona utaihifadhi wapi. Baruti nyeusi ina cheti chake peke yake, tena na sanduku lake maalumu. Ukiwa mhamiaji, jaza kila kipengele kwa ukweli, weka nakala ya kila karatasi, na usinunue chochote kabla cheti hakijakufikia mkononi, hata kama muuzaji ni rafiki na anakuambia chukua tu. Mimi nilisubiri miezi. Katika kusubiri huko nilibeba paiki misimu miwili, na bunduki ilipokuja nilikuwa nimeshajifunza la muhimu kuliko kulenga: kusimama pale nilipoambiwa na kutofanya lolote mpaka niambiwe.

Kambini

Kuna kambi mbili. Moja ni ya mahema ya kawaida, magari, vyoo vya kuhamishika na hema la bia linalokesha. Nyingine ni ya turubai na moto wa kuni, ambako watu huishi kama 1644 mbele ya wageni, wanapika uji wa shayiri na nyama chunguni. Wanaotaka kulala mapema wapige hema mbali na lile la bia. Asiyekula nguruwe aseme mapema kwa anayepika, na aje na sufuria yake. Mimi huja na mchele, nazi ya kopo na dagaa wa kukaanga. Mara ya kwanza walisogea mbali kwa harufu, siku hizi wananiuliza nimeleta wangapi.

Jumapili jioni, hata ukichoka vipi, usiviache vifaa vikiwa vichafu. Bunduki ioshwe kwa maji ya moto ndani ya kasiba, ikaushwe, ipakwe mafuta usiku uleule, la sivyo masazo ya baruti yataanza kuila kwa kutu. Paiki ipanguswe kwa mafuta ya kitani na ilazwe, isiegemezwe ukutani, itapinda. Koti lenye tope usilitie kwenye mashine ya kufulia. Litundike mpaka tope likauke, kisha lipige brashi. Langu la kwanza nililifua kwa maji ya moto, na sasa linavaliwa na mtoto wa sajini, ana miaka tisa.